Ndiyo ya Pindo

Jina lake la kuzaliwa walilijua wachache. Wengine wote walimwita Pindo, jina alilolipata kiwandani, kwa kuwa miaka yake yote pale alifanya kazi moja tu: kukunja pindo za mashuka na kuzipitisha chini ya sindano. Aliyembandika jina hilo alikuwa rafiki yake, msimamizi wa mstari wao, mwanamke wa mwili na vichekesho, ambaye akiita mtu, sauti yake ilipasua ngurumo za mashine ikafika mpaka mlangoni. Naye hakusalimika, walimwita Kengele.

Kiwanda kilipofungwa kila mtu alishika lake. Kengele alihamia kwa binti yake kulea wajukuu. Pindo aliweka cherehani sebuleni akawa fundi wa mapazia. Lakini zile mashine hazikumwacha hivihivi, zilikuwa zimemla masikio. Maneno ya watu yalimfikia kama yamefungwa ndani ya blanketi. Hakumwambia mtu. Alijifunza kutazama midomo, kucheka wenzake wakicheka, na kusema "ndiyo" pale alipoona uso wa mtu unangoja jibu. Kuuliza si ujinga, wanasema, ila Pindo aliona kwamba kuuliza jambo moja mara tatu ni uzee, na uzee hakuutaka.

Basi maradhi yakamshika Kengele kooni. Alipasuliwa, akatoka hospitali amekonda, na sauti yote ile imebaki mnong'ono. Alizoea kushika leso mbele ya mdomo, kwa sababu mate yalimponyoka akizungumza na aliona haya. Chumbani kwake, mlango umefungwa na vichwa vimekaribiana, Pindo alimsikia bila shida. Siku moja Kengele akamwambia:

"Shoga, nitoe nje. Nina neno nataka kukwambia, na humu kuta zina masikio. Binti yangu hatoki mlangoni."

Pindo alijua pa kumpeleka. Mwaka uliopita alishona mapazia ya mkahawa mmoja wa ghorofani katikati ya mji. Siku ya kuyatundika hapakuwa na mteja, na ukumbi ulikuwa kimya hata akasikia mkasi wake ukikata uzi. Alitoka pale akijiambia kwamba ipo siku atarudi akae kitini kama watu.

Walikwenda Jumapili, saa nne na nusu asubuhi, wamevaa nguo zao za kutokea. Kengele alijifunga mtandio wa buluu shingoni kuficha kovu. Alipanda ngazi akipumzika kila baada ya hatua chache, huku akimsukuma Pindo mgongoni kwa utani, eti yeye ndiye mzito.

Mlango ulipofunguliwa, Pindo alitamani kugeuka. Ukumbi ulikuwa umefurika. Vijana waliochelewa kuamka walikuwa wanakula mayai na mkate wa kuchoma; kwenye meza ya pembeni watu walikuwa wanasherehekea siku ya kuzaliwa ya mtu, wanagonga glasi; mashine ya kahawa ilikuwa inakoroma nyuma ya kaunta. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja tu, chini ya spika.

"Tutafute pengine?" Pindo aliuliza.

Kengele alitikisa kichwa. Ngazi zilikuwa zimemmaliza. Tayari alikuwa amekaa, ameushika upindo wa pazia, anaupitisha vidoleni kama mkaguzi wa kiwanda. Akainua kidole gumba. Pindo akacheka, moyo ukatulia.

Mhudumu alileta mayai ya kuvurugwa, chai na papai lililokatwa vipande vidogo. Kengele alikula taratibu, akimeza kwa kufumba macho. Kijana mmoja wa meza ya pembeni alimtazama mpaka Pindo naye akamkodolea macho. Kisha Kengele akasukuma sahani, akainama mbele, leso mdomoni, akaanza kusema.

Pindo hakusikia kitu. Aliona mtandio ukipanda na kushuka, aliona macho ya rafiki yake yamemganda usoni, basi. Alisogeza kiti, akatega sikio lenye nafuu. Alinasa "daktari", akanasa "binti yangu", halafu wale wa meza ya pembeni wakaanza kuimba na kupiga makofi. Angeweza kusema, "Mwenzangu, sisikii, twende tukakae kwenye ngazi." Maneno hayo yalimfika ulimini. Lakini alimwona Kengele anavyohangaika kusukuma kila neno litoke, akaona ni ukatili kumwambia arudie. Nyumbani nitamuuliza, alijiambia. Akawa anaitikia kwa kichwa.

Kengele alinyamaza. Uso wake ulikuwa unangoja jibu.

"Ndiyo," Pindo alisema kwa tabasamu. "Vizuri sana. Umefanya vizuri."

Machozi yalimtoka Kengele. Alimshika rafiki yake mikono yote miwili juu ya meza, akaibana kwa muda mrefu. Pindo alidhani ni shukrani ya kutolewa nje.

Hakumuuliza nyumbani. Binti alikuwa mlangoni akiwangoja, na kesho yake wateja wa mapazia walimsonga.

Siku chache baadaye binti alifika kwa Pindo asubuhi mapema. Hakuketi.

"Mama mdogo, kweli ulimwambia amefanya vizuri?"

"Nani?"

"Mama. Ugonjwa umerudi. Daktari anataka kumpasua tena, yeye amekataa. Nimelia, wajukuu wamelia. Ananijibu kwamba alikueleza yote siku ile mkahawani, na wewe ukamwunga mkono. Sasa hasikii la mtu."

Pindo alikaa juu ya kitambaa cha mteja bila kujua amekaa wapi. Alichoweza kusema ni, "Nakuja kuzungumza naye."

Alikwenda siku hiyohiyo akiwa amekata shauri kusema ukweli. Alimkuta Kengele kitandani, dirisha limefungwa, nyumba kimya. Kila neno lilimfikia.

"Umekuja kunigombeza na wewe?" Kengele alinong'ona. "Wametumwa wote. Hata mwanangu wa kiume amepiga simu kutoka huko aliko."

"Nimekuja kukutazama tu. Lakini ile habari ya siku ile, ndugu yangu, bado unaweza kubadili mawazo."

"Nibadili nini? Tangu nitoke hospitali sijapata usingizi kama wa siku ile. Nilikuwa naogopa kwamba ni mimi tu niliyechoka. Nilipoona umenielewa, nikalala mpaka asubuhi." Alivuta pumzi. "Wengine wananipenda kwa kelele, Pindo. Wewe peke yako ulinisikiliza."

Pindo aliurekebisha mto, akakaa.

Alifika kila alasiri tangu siku hiyo. Alimlisha uji kwa kijiko, akamchana nywele, akamsimulia umbea wa wale wa kiwandani waliobaki. Mara mbili alikaribia kusema, na mara mbili Kengele alikuwa amelala. Mwisho wake ulikuja mvua za kwanza zilipoanza, mbele ya watoto wake wote, bila purukushani.

Baada ya mazishi, binti alimkuta Pindo uani anaosha vikombe vya wageni. Alisimama nyuma yake akasema jambo. Pindo alizima bomba, akageuka.

"Sijakusikia, mwanangu. Sema tena."

"Nasema wewe angekusikiliza. Ungemkataza tu, angekubali."

Pindo aliitazama ile midomo, ikitetemeka. Hapo ndipo angeweza kujitetea. Neno moja, "sikumsikia", lingetosha kumwondolea lawama, na hilohilo lingemwonyesha binti kwamba mama yake alikufa akidhani amesikilizwa, kumbe hapakuwa na aliyemsikia.

"Ndiyo," alisema. "Angekubali."

Binti aliingia ndani. Hakumwita tena mama mdogo.