Nilienda kuuliza historia ya biskuti za Kifilipino, nikaila

Habari za wikiendi wakuu.

Nimekaa na hili tangu mwezi uliopita, leo nalitoa kama lilivyo. Sijatia chumvi, chumvi yote ilikuwa kwenye biskuti.

Mimi ni Mbongo, nasoma masters ya marketing hapa Durban, kampasi ya Westville. Lecturer wetu alitupa kazi: chagua brand ya chakula kutoka nchi ambayo hujawahi kufika, simama mbele ya darasa ueleze historia yake.

Mara ya kwanza nilikopi mtandaoni. Akanikatisha dakika ya pili tu: "Hiyo hata mimi nimeisoma. Niletee kitu ambacho hakipo Google."

Akanipa wiki mbili. Nikifeli tena narudia somo zima, na scholarship yangu hairuhusu kurudia. Yaani narudi Bongo mikono mitupu, na mtaa mzima ulinisindikiza airport.

Eish, presha ikapanda.

Sasa, kanisani kwetu kuna Mama Ruth, Mkongo mwenye saluni pale Sydenham. Mume wake ni Mfilipino anaitwa Rodel, zamani alikuwa mpishi wa meli. Meli ilitia nanga Durban, akamuona Mama Ruth, meli ikaondoka yeye akabaki. Hapo sijaongeza neno.

Nikakumbuka jamaa hachoki kusifia biskuti za chumvi za kwao, zile nyembamba za mraba zenye vitobo. Jina la brand naliacha, msije mkasema nimelipwa. Nikampigia, akasema njoo Jumamosi mchana.

Nikafika. Akanikalisha sebuleni, akaingia chumbani, akarudi na paketi moja ya hizo biskuti akaiweka mezani mbele yangu.

"Hii ndiyo yenyewe," akaniambia kwa Kiingereza. Kisha akaenda jikoni kuchemsha kahawa.

Sasa wakuu nisaidieni. Kwetu mgeni akiwekewa kitu mezani maana yake nini? Si ale? Usipogusa si utaambiwa unaringa?

Nikafungua.

Ya kwanza ilikuwa kama kutafuna boksi, na ina harufu ya mafuta yaliyolala. Lakini mimi nimelelewa, chakula cha watu sikikunjii uso. Nikajisemea labda ndivyo wanavyozipenda kwao. Nikala ya pili. Ya tatu niliisukuma kwa mate. Ili mwenyeji asijisikie vibaya nikapaza sauti: "Tamu sana, kaka!"

Rodel akatoka na vikombe viwili, akasimama. Akaitazama paketi, akanitazama mimi. Mama Ruth akaja nyuma yake, akashika kichwa.

"Mon Dieu! Weye ulikula ile? Ile biscuit iko ya mama yake! Iko na miaka kumi na moja!"

Nilitamani ardhi ipasuke wakuu.

Ndipo historia ikatoka. Mama yake Rodel alifanya kazi kwenye kiwanda hicho maisha yake yote, upande wa kufunga paketi. Alianza enzi biskuti zinauzwa kwenye makopo makubwa ya bati, muuza duka anakuhesabia chache. Baadaye vikaja vipaketi vidogo vya kuweka mfukoni, na hapo zikaingia kila mahali, kwenye chai ya asubuhi, kwa wagonjwa, hadi kwa mabaharia waliotapika mpaka basi.

Zilizovunjika wafanyakazi walienda nazo nyumbani. Mtaa wa kina Rodel ulikua kwa vipande. Anasema mpaka anaanza shule hakujua kumbe biskuti ile ina pembe nne.

Na paketi niliyoifungua mimi, mama aliifunga kwa mikono yake siku ya mwisho kazini, akampa mwanawe anayesafiri. Mwaka uliofuata mama akafariki, Rodel yuko baharini. Hakumzika.

Machozi yalinitoka, siwafichi. Niliomba msamaha kwa Kiingereza, nikaomba tena kwa Kiswahili. Nikasema moyoni, hata hilo somo nifeli tu.

Rodel akakaa. Ilibaki biskuti moja. Akaichukua, akaitafuna taratibu, akakunja uso.

"Mbaya sana," akasema. Halafu akaanza kucheka huku analia. "Kila nikimpigia simu mama aliniuliza, ile paketi umeshakula? Nilikuwa namdanganya kwamba nimekula."

Akafuta uso. "Sasa nimekula."

Siku ya presentation nilisimama na ganda tupu la paketi, Rodel alinikabidhi mwenyewe. Lecturer akauliza source yangu ni nani. Nikamwambia ni mama mmoja aliyekuwa anafunga paketi. Safari hii hakunikatisha. Nimepita wakuu. Tumbo lilinisumbua siku mbili, na lilikuwa na haki.

Nilichojifunza: ugenini uliza kabla hujafungua. Na mama akikupa chakula, ukile angali hai akusikie ukimwambia kilikuwa kitamu.

Jumapili iliyopita baada ya ibada Rodel aliniwekea paketi mpya mezani. Safari hii hakwenda jikoni, alikaa pembeni yangu.

"Kula," akaniambia. "Mama atauliza."

Haya, nani mwenzangu ana kitu cha mama yake kabatini anaogopa kukigusa? Mwageni hapa chini. Ila tarehe msome kwanza.