Jiwe la Almasi Ukweni

Jiwe lenyewe la kunolea halikuwa jiwe. Lilikuwa bamba la shaba lenye urefu wa kiganja, limepigiliwa misumari juu ya kipande cha mti, na unga wa almasi ulikuwa umeshindiliwa ndani ya shaba mpaka macho hayauoni. Ukipitisha kidole ulihisi kitu kama ulimi wa paka. Nilipewa na Mwitaliano mmoja aliyechonga mawe ya makaburi pale Élisabethville, siku alipofunga masanduku kurudi kwao. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Patasi zake zilikuwa ngumu mno, mawe mengine yote yalishindwa nazo, na mimi ndiye niliyezinoa. Alinifundisha jambo moja ambalo mikono yangu ililikataa kwa muda mrefu: usikandamize. Sisi tuliozoea kunoa jembe na panga kwenye mwamba wa mtoni tunanoa kwa mabega na kiuno. Bamba lile lilitaka maji kidogo na mkono mwepesi, kama unavyomfuta mtoto mchanga uso. Ukikandamiza unang'oa almasi, unabaki na shaba tu, na shaba mjini kwetu nani hana.

Bamba hilo ndilo lililonilisha. Sekondari kwa mapadri nilikuwa nimeiacha katikati, si kwa ujinga bali kwa sababu dirisha la darasa lilitazama reli. Nilipanda treni na kushuka, Jadotville, Kamina, Sakania, nikinoa visu vya wachinjaji na mikasi ya washonaji. Kisha nikampenda msichana mmoja wa mtaa wa Katuba, na kwa mara ya kwanza nikataka kukaa mahali.

Watu wake walikuwa Wakatoliki waliotoka kaskazini. Baba yake alikuwa fundi katika karakana ya reli, mtu wa maneno machache. Kaka yake, ambaye nilianza kumwita mulamu kama tunavyowaita mashemeji kwetu, ndiye aliyeniletea maneno ya baba.

"Muzee anasema anajua treni kupita wewe," aliniambia, "na treni hailalake ku nyumba."

"Wewe ulimujibu nini?"

"Nilimujibu, Muzee, hata treni iko na gare yake ya kulala. Akanifukuza."

Hata hivyo nikaitwa nyumbani siku ya Jumamosi, nionekane. Jibu la ndiyo au hapana lingetoka katika siku hiyo, na mimi nilikwenda nikiwa nimevaa suruali ya kuazima.

Lazima niseme jinsi ukwe ulivyokuwa kwa watu wale. Mama mkwe na mkwe hawakutazamana. Alipopita njiani uliingia kwenye majani. Hukumwita, hukumpa kitu mkononi, hukusema naye neno. Neno lilipita kwa mtu mwingine, hata kama ninyi wawili mlikuwa hatua chache tu mmoja kutoka kwa mwenzake. Hii haikuwa chuki. Ilikuwa heshima, ambayo ilifunguliwa baada ya miaka, watoto wakishazaliwa, kwa kuku na kitambaa na sahani moja iliyoliwa na wote wawili. Kwa hiyo siku ile nilikaa sebuleni na baba mkwe na mulamu, na mama alikaa nje, uani, kwenye kigoda, amegeuza mgongo na kujifunika kichwani kikwembe, kitenge chake. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Nilichoweza kuona kwake ni kiwiko cha mkono wa kulia. Alikuwa akinyonyoa kuku niliyemleta.

Kumbe mulamu alikuwa amekwisha kutangaza mtaa mzima kwamba mukwe wao iko na diamant, yaani almasi. Neno hilo wakati ule lilisemwa kwa sauti ya chini, maana mweusi aliyekutwa na hata chembe ya diamant alikwenda gerezani. Majirani walikuwa wamejipanga kwenye ua wa mbele, mlangoni, wengine na watoto mgongoni.

"Mulamu, toa hiyo diamant. Bantu banangoya kuiona."

Nikatoa bamba. Shingo zote zikanyooka.

"Hii?" Mulamu aliligeuza juu na chini. "Hii njo diamant? Hii si ni sahani ya kunywesha njiwa?"

"Unga wake uko ndani," nikasema.

"Uko ndani! Hata mimi diamant yangu iko ndani, ndani ya tumbo ya mama."

Ua wote ulicheka. Baba mkwe, aliyekuwa hajacheka tangu asubuhi, alicheka mpaka akakohoa. Nilihisi masikio yangu yakiwaka. Kama ningecheka nao, mambo yangeishia hapo. Lakini nilikuwa nimekuja kuonekana mtu, si sahani ya njiwa, nikasema, "Leteni kisu kisichokata."

Mulamu akaleta kisu cha mama. Kilikuwa kimelika katikati kama mwezi mchanga, na mpini wake umezungushiwa mpira wa baiskeli. Makali yake yalikuwa butu kama mgongo wake. Nikadondosha maji kwenye bamba na kuanza. Bamba la almasi halipigi kelele kama mwamba. Linanong'ona tu, na mara unaona maji yamekuwa ya kijivu. Watu waliacha kucheka, wakasogea. Nilinoa pande zote mbili kwa mkono mwepesi kuliko hata nilivyowahi kumnolea Mwitaliano, kisha nikampa baba mkwe. Alikipitisha kwenye mkono wake na vinyweleo vikaanguka.

"Eh," akasema. Kwake yeye hiyo ilikuwa hotuba.

Mulamu akachukua kisu, akampelekea mama uani, na mama akaanza kumkata kuku.

Hapo ndipo nilipoona kile kiwiko. Kilikuwa kinapanda juu na kushuka kwa nguvu, bega likifuata. Miaka yote mama yule alikuwa amekata nyama kwa kulazimisha, kidole gumba nyuma ya kisu na uzito wa mwili juu yake, na mkono ulikuwa unafanya vilevile. Sikuwa nimefikiri juu ya hilo hata kidogo. Nilikuwa nimefikiri juu ya sura yangu.

Msichana angeweza kupeleka neno, lakini alikuwa amekwenda robineni, kwenye bomba la mtaa, kuchota maji. Baba mkwe alikuwa karibu nami, nikamtazama; lakini nitamwambiaje mzee, nyumbani kwake, amwamuru mkewe namna ya kushika kisu? Nikaona haya. Nikamwinamia mulamu.

"Mwambie mama asikandamize. Kisu sasa kinakata chenyewe."

Mulamu hakujua kusema jambo bila kulitia chumvi. Akapaza sauti: "Mama! Mukwe anasema kisu yake inakata yenyewe, wewe uangalie tu!"

Uani tukasikia kicheko cha mama, na jibu lake alilolielekeza kwenye ukuta: "Kama inakata yenyewe, basi ipike na kuku, mimi nikalale!"

Ua ukacheka tena. Kiwiko kikapanda juu, juu zaidi ya mwanzo.

"Mama, pole pole!" nikapiga kelele.

Nilisimama kabisa. Sauti yangu ilitoka kubwa, kama ya mtu anayesimamisha gari. Hakuna mkwe katika nyumba ile aliyewahi kumwita mama mkwe kwa kinywa chake. Mama alishtuka, akashika kikwembe avute kujifunika uso zaidi, na kisu kilikuwa bado mkononi. Kikapita kwenye kiganja cha kushoto, chini ya kidole gumba, kisha kwenye vidole vya ule ule mkono wa kulia kilipomponyoka akajaribu kukidaka.

Hakulia. Alisema tu, "Mayo," kwa sauti ndogo, kama mtoto anayemwita mama yake.

Nilikuwa uani kabla sijajua. Nilivua shati, nikapiga magoti mbele yake na kumfunga mikono. Kikwembe kilikuwa kimeanguka, tukawa uso kwa uso. Alikuwa na alama ndogo kwenye shavu, sawa na ya bintiye. Ndipo nilipomwona msichana wangu amesimama na ndoo kichwani, akinitazama kifua wazi nimeshika mikono ya mama yake.

Baba mkwe alinirudisha sebuleni kwa kunigusa bega. Nikasubiri kufukuzwa. Kama wangenifukuza kwa heshima, ningeshukuru.

"Utarudi Jumapili, si ya kesho, ile ya juma lijalo," akasema. "Na kuku, na kitambaa cheupe. Umeshamuona. Hatuwezi kukufundisha kutomuona."

Juma lile niliuzunguka mji mzima. Mara mbili nilikwenda stesheni na kusimama mbele ya treni ya Kamina. Sina la kujisifu. Nilibaki kwa sababu shati langu lilikuwa kwao.

Jumapili hiyo, baada ya misa, nilikabidhi kuku na kitambaa, wakaweka mkeka na sahani moja ya bukari, ugali wetu, na mchicha. Mama alikaa mbele yangu, mikono yote miwili imefungwa vitambaa mpaka kwenye kifundo. Jambo ambalo watu hungoja miaka kulifanya lilikuwa linafanywa na mimi kabla hata ya kuchumbia. Tulipaswa kula pamoja, sahani moja, ili haya ifunguliwe. Nikatazama mikono yake. Wote wakaitazama.

"Sasa atakula namna gani?" mulamu akauliza, na kwa mara ya kwanza hakuwa akitania.

Baba mkwe akanielekezea kidevu. "Alimukata, atamulisha."

Nikamega bukari. Vidole vyangu, ambavyo vilijulikana mjini kwa wepesi, vilikandamiza mno hata tonge likavunjika, nikafinyanga lingine. Nililichovya kwenye mchicha na kulipeleka juu bila kuinua macho. Niliona kidevu chake tu, na kinywa kikifunguka. Akatafuna. Akameza.

"Mukwe," akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu, limenijia moja kwa moja, bila kupita ukutani wala kwa mtu. "Unaangalia nini chini? Umepoteza franka?"

Nyuma yangu nilimsikia msichana akicheka, kisha mulamu, kisha kile kikohozi cha baba mkwe. Mimi sikuweza kucheka. Machozi yalikuwa yanadondoka kwenye sahani tuliyokuwa tunakula wote wawili, na mkono wangu ulikuwa umejaa bukari, sikuweza kuyafuta.

"Mega ingine," mama akasema. "Na ya sasa isiwe ndogo. Nina njaa."