Duka la Kuazima

Wakati wa vita, nchi jirani zilipotufungia mipaka na petroli ikaadimika, Bujumbura nzima ilirudi kwenye baiskeli. Mimi nikaendelea kuuza vipuri vya magari yasiyotembea. Nilipozinduka, nilikuwa nimeviuza kwa hasara ili nile, rafu zangu pale Buyenzi zilikuwa na kasha moja la raba za breki, na mwenye nyumba alishaniambia kwamba nisipolipa kodi, mwisho wa mwezi nimwachie mlango wake.

Tumaini langu lilikuwa ushirika wetu wa kuweka na kukopa. Ningepata mkopo, ningenunua vipuri vya baiskeli na duka lingepona. Ila kabla ya kumkopesha mtu, kamati ilikuwa na desturi ya kwenda kumwona kazini kwake. Hapo akili yangu ikaanza kazi, kwa bahati mbaya. Nani atamkopesha mwenye rafu tupu? Asubuhi ile nikapita kwa jirani zangu, nikaazima minyororo, pedeli na matairi. Nikavipanga kwa ukubwa. Nikavaa na kanzu ya Idi, siku ya Jumanne.

Kamati ikaja, watu watatu, wakiongozwa na mama mmoja muuza vitenge. Nikajisifu mpaka koo likakauka: biashara inakwenda, wateja hawanipi nafasi ya kupumua.

“Alhamdulillahi,” mama akasema. “Basi we huna haraka. Mukopo tutampa ule mama wa Kongo anauza ndagala. Yeye ana beseni tu.”

Nikatabasamu. Ningefanya nini mbele ya beseni la dagaa? Walipotoka tu, jirani wakaja kuchukua mali zao. Ulikuwa umebaki mnyororo mmoja wa baiskeli mama yule wa vitenge aliporudi kumnunulia mwanawe. Kabla sijataja bei, jirani akadakia, “Iyo ni yangu, mama. Lipa kwangu.”

Akamlipa, kisha akazitazama rafu. “Na yako ni gani?”

Nikamwonyesha kasha. Akaketi bila kukaribishwa.

“Tulikuwa tunatafuta mutu mwenye duka yake imekauka,” akasema. “Ungetuonyesha iyi, leo ungepata.”

“Na sasa, mama?”

“Sasa tumeisha kumwambia mama wa ndagala. Amelia kwa furaha. Twende tumunyang’anye?”

Akili nyingi huondoa maarifa, na zangu zilikuwa zimeondoa hata duka. Niliona haya, tena niliogopa. Nikasema hapana. Tangu asubuhi, hilo lilikuwa neno langu la kwanza la kweli, na ndilo lililonigharimu ufunguo niliomrudishia mwenye nyumba mwisho wa mwezi.