Kijani Kwenye Slaidi ya Mtamba wa Mama

Kazi yangu maabarani ni kuchunguza ndigana, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe. Kimelea chake huingia kwenye seli nyeupe na kuzilazimisha kugawanyika ovyo. Ili kuziona, tunatumia kingamwili: hunasa seli zinazogawanyika tu, nazo zikang'aa kijani chini ya darubini.

Tulihitaji ng'ombe mzima, asiye na ndigana, wa kulinganisha. Nikapanda kwa mama, kijijini juu ya Maji ya Chai, nikamchoma mtamba wake sindano chini ya sikio na kuvuta majimaji ya tezi. Mtamba huyo alikuwa na mimba ya kwanza. Mama alimshika pembe, akimbembeleza kwa Kimeru.

Kesho yake niliiweka slaidi kwenye darubini nikitegemea giza na vinukta vichache. Nikaona kijani kila mahali. Labda nimechanganya sampuli, nilijiambia, na nikaomba Mungu iwe hivyo. Nikaandaa slaidi nyingine. Nikasubiri kingamwili ishike. Ikang'aa vilevile.

Nikampigia mama.

"Shikamoo, mama. Mtamba anakula?"

"Marahaba. Anakula, ila tangu asubuhi anasuasua. Kwani vipi?"

"Hebu mguse chini ya sikio."

Nikasikia ndala zake zikielekea bandani.

"Pamevimba kama yai," alisema. "Ni palepale ulipochoma."

Daktari wa mifugo niliyemwita kutoka Tengeru alifika kabla yangu, akamchoma dawa. Nilimkuta mtamba anahema kwa taabu, machozi yanamchuruzika. Nikamweleza mama kwamba kimelea kilikuwemo kabla ya sindano, ndiyo maana tulikiona. Akapangusa macho ya mtamba. Nami, pamoja na kusoma kwangu kote, nilisimama pale nikijiuliza kama ile sindano ilikuwa safi kweli.

Mtamba alipona, mimba ikatoka.

Miezi ilipopita niliomba sampuli ya ng'ombe wake mwingine. Mama aliendelea kumenya ndizi, hakuinua macho.

"Tafuta kwa watu wengine, mwanangu," alisema. "Na huko nako, ukiona kitu, usije ukaniambia."