Mnunuzi Aliyekwenda Matangani

Juzi asubuhi nilipigiwa simu kutoka Tororo, mashariki mwa Uganda: rafiki yangu Haji amefariki, moyo umemsimama ghafla, anazikwa baada ya adhuhuri. Nyinyi mnaonisoma mnajua mimi sikosi la kusema. Safari hii niliacha maneno, nikapanda gari la kwanza la kwenda Tororo.

Alikuwa mkuu wa ununuzi katika kiwanda cha unga, kazi yake kuhakikisha mashine hazikosi mahindi. Siku hizi kazi hiyo huitwa usimamizi wa mnyororo wa ugavi, na wenzake huifanya kwenye kompyuta. Haji naye alikuwa na kompyuta, ila mkulima wa Mwello, kijiji alikonunua mahindi, akifiwa, aliizima, akapanda bodaboda, akaketi na wafiwa mpaka mazishi yaishe. Habari za mahindi hakuzitaja kabisa. Siku moja nilikuwa ofisini kwake mkurugenzi alipomjia juu.

“Haji, wewe iko nanunua mahindi ama nanunua matanga?”

“Bosi, mpaka ya Kenya pale Malaba iko karibu,” Haji akajibu, akitafuta kofia yake. “Lori ya ng’ambo ikikuja na bei kubwa, hawa watu watakumbuka nani? Na tena, mtu amefiwa. Mimi nakwenda.”

Msimu uliofuata mvua ilikatika. Wanunuzi kutoka Kenya wakapandisha bei, viwanda jirani vikazima mashine na kurudisha watu nyumbani. Mwello walimbakishia Haji mahindi yake, na wafanyakazi wa kiwanda chake wakaendelea kula kwa jasho lao. Nilimtania kwamba amehonga kwa machozi. Alicheka sana, masikini.

Nilipofika makaburini, watu wa Mwello walikuwa wameshafika, wengine na matope ya shamba miguuni. Mkurugenzi alisimama kando peke yake. Mama mmoja mkulima akamwendea, akamshika mkono.

“Pole sana, Bosi. Sasa sisi tukifiwa, nani nakuja?”

 Mkurugenzi hakuwahi kufika Mwello hata siku moja.

Swali lile limeninyima raha tangu juzi. Maghala tunayahitaji, barabara pia, na mitambo ya kufuatilia mizigo. Lakini kiwanda kizima kilimtegemea mtu mmoja aliyejua kukaa na wafiwa, na hakuna aliyewahi kufuatana naye. Wewe mwenye biashara unayesoma hapa, wajue wanaokulisha. Nenda kwao mwenyewe, nenda wakiwa na msiba, na usingoje mpaka umzike Haji wako.