Chupa Mbili na Bomba la Asali

Kazi yangu katika ghala la asali la ushirika pale Tabora ilikuwa kuwaumbua watu. Nilikuwa na bomba refu la shaba lenye kioo huku na huku. Unajaza maji ya asali, unachungulia. Asali safi huupinda mwanga kushoto, maji ya sukari huupinda kulia. Warina asali wa Sikonge walininunia kweli, na mimi mdomo sikuwa nao mzuri. "Hii si asali, rudi nayo!" Basi.

Siku dresa wa zahanati ya mtaani kwetu alipoingia anahema, nikadhani kaja kuomba asali.

"Ndugu yangu, mwanao kazidiwa."

Binti yangu, miaka minne, malaria ya siku ya tatu, amelazwa zahanati na mama yake. Dresa akaweka chupa mbili mezani. Lebo zote zimeliwa na mchwa. Karatasi ya bohari ya dawa ilisema moja ni kwinini, nyingine kwinidini, dawa ya moyo. Unga mweupe uleule, uchungu uleule, uzito uleule. Hata chembe zake, alisema, zimeundwa kwa vitu vilevile kwa hesabu ileile, ila vimejipanga tofauti. Na hiyo ya moyo inaweza kuusimamisha moyo wa mtoto.

"Sasa mimi nifanyeje? Mimi mpima asali!"

"Kwinini hupinda mwanga kushoto, kama asali yako. Mwenzake hupinda kulia. Tulifundishwa chuoni."

Umeme ulikuwa umekatika. Nikawasha stovu, nikanyunyiza chumvi motoni mpaka ukatoka ule mwanga wa njano bomba linaoutaka. Kwa pupa ya kuyeyusha unga majini, nusu ya dawa nikaimwaga mezani. Chupa ya kwanza: kulia. Alhamdulillahi, basi ni ile nyingine! Nikacheka kwa sauti, mjinga mimi. Nikachungulia ya pili.

Kulia.

Nikaosha bomba, nikarudia. Kulia. Nikamtukana dresa, nikaitukana bohari, nikawatukana na mchwa. Daktari alikuwa Usoke, na treni ni ya kesho.

"Hata hii ya moyo inaua malaria," dresa alisema tukikimbia kurudi zahanati. "Lakini moyo, ndugu yangu."

"Tusipompa?"

"Hafiki jioni."

"Mpe."

Mke wangu alikuwa amempakata. Dresa akampa nusu ya kipimo, akaniambia nimshike mtoto kifundo cha mkono, nihesabu mapigo. Mimi niliyewafukuza watu kwa tone la sukari, sasa namwomba Mungu dawa isiyo yenyewe ifanye kazi. Pigo moja likaruka. Nikapiga ukelele. Likarudi. Likaruka tena.

Mpaka adhana ya alasiri nilikuwa nimepotewa na hesabu mara sijui ngapi, na kila mara nikianza upya. Jasho likamtoka mtoto, likalowesha khanga ya mama yake. Akafumbua macho, akanikazia kwa hasira.

"Baba, achia. Unaniumiza."

Nikalia, na sikuachia.