Kompyuta ya Kiganjani

Juzi, kwenye duka la simu hapa Katesh nilikokuwa nikichagua simu, mwalimu mmoja wa kike kutoka Masakta alimwamkia mzee mwenye duka.

"Shikamoo, baba. Natafuta kompyuta ya kushika mkononi, yenye mfumo endeshi wa Linux kamili kama ya mezani. Shule haina umeme, kompyuta nawachorea wanafunzi ubaoni."

"Marahaba. Tazama humu," mzee alisema, akisogeza boksi la vifaa vya mitumba.

Mwalimu alichambua hadi akapata kidude chenye kibodi ndogo. Alikiwasha, akabofya kwa vidole gumba, kisha akatugeuzia kioo huku akicheka.

"Ndiyo yenyewe. Nitaichaji kwa sola yangu."

"Inapiga simu?" mzee aliuliza.

"Haipigi."

"Afadhali. Watasoma."

Nami, niliyekuwa nimeshika simu mpya ya kutazamia mpira, niliirudisha kabatini taratibu.